Fundi na Mrithi Wake: Mwongozo Kamili wa Kulinda Sanaa za Jadi Mjini Lubumbashi

Waluba wa zamani walikuwa na kibao cha mbao kinachoitwa lukasa. Kinashikika mkononi, na juu yake kimepachikwa shanga na simbi. Watu wa chama cha Mbudye walikipapasa kwa kidole huku wakisimulia habari za wafalme: nani alimrithi nani, walipita wapi, patakatifu pao ni wapi. Leo vibao vingi vya namna hiyo vimo katika makabati ya vioo huko Ulaya na Marekani, vimetunzwa vizuri, havina doa. Wanaoweza kuvisoma ndio waliokwisha mmoja baada ya mwingine.

Naanza na lukasa kwa sababu tunaweza kurudia jambo hilo hilo kwa simu zetu. Kijana anamrekodi mzee kwa nusu saa, anaweka video mtandaoni, watu wanaisifu, na mzee anabaki pale pale: hana mwanafunzi, hana ngozi mpya ya ngoma, hana hata nakala ya video yake. Rekodi ina kazi kubwa na nitaieleza kwa kirefu. Lakini sanaa inakaa mikononi mwa anayeijua na anayejifunza, na hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata hilo.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo: vijana wa mtaa mmoja, walimu wa shule, chama cha akina mama, kamati ya parokia, watu wa ukoo mmoja. Watu watano wenye bidii wanatosha. Pesa zinahitajika, si nyingi sana. Kinachohitajika zaidi ni miezi.

Andikeni kwanza mlichonacho

Watu wengi wa Lubumbashi wakisikia sanaa za jadi wanawaza kijijini kwa babu. Kijijini zipo, ndiyo. Wanawake wa Makwacha, kijiji kisicho mbali na mji, wanapamba kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali, na kazi hiyo wanairudia mwaka hata mwaka. Lakini mji wenyewe nao umejaa. Ulianzishwa 1910, na Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ikauletea wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, na kutoka kila pembe ya Katanga. Kila mmoja alifika na ngoma zake, methali zake na namna yake ya kulilia wafu. Ndiyo maana katika avenyu moja ya Katuba au Kenya, komini za mji huu, unaweza kumkuta mama anayejua kasala, yale maneno marefu ya sifa ya Baluba wa Kasai, na jirani yake mzee wa Kitshokwe aliyepitia jando la mukanda.

Halafu mji ukazaa vya kwake. Karindula ni mfano ninaoupenda kuliko yote: pipa la mafuta linafunikwa ngozi ya mbuzi, linatiwa mpini mrefu wa mbao na nyuzi nne, na kinatoka chombo cha muziki ambacho huwezi kukikuta Paris wala Kinshasa kikipigwa vile kinavyopigwa hapa. Michoro ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, iliyotundikwa sebuleni mwa watu ni jadi ya mji huu. Maigizo ya Kiswahili ya kundi la Mufwankolo ni jadi ya mji huu. Mafundi wanaofua picha juu ya bamba la shaba na wanaochonga malakiti, lile jiwe la kijani, nao wamo. Msikubali kuambiwa kwamba kitu ni cha jadi pale tu kinapotoka kijijini na kuwa na miaka mia tatu.

Chukueni daftari la kurasa nyingi, kila fundi apewe ukurasa wake. Andikeni jina analojulikana nalo mtaani, anachofanya, anakifanya kwa lugha gani, alijifunza kwa nani, mara ya mwisho alikifanya lini na wapi, vifaa anavitoa wapi, na sasa anamfundisha nani. Swali hilo la mwisho ndilo zito. Ukurasa wenye mtu wa miaka 70, ambaye mahali pa mwanafunzi pameandikwa "hakuna", unapanda juu ya orodha hata kama sanaa yake haiwavutii ninyi.

Mtawapata wapi? Kwenye vilio kwanza. Msiba ndio mahali ambapo nyimbo za zamani bado zinahitajika, na ndipo utamwona mama ambaye siku zote anauza unga sokoni akisimama na kuongoza wimbo ambao wengine wote wanaufuata. Kisha kwenye harusi, kwenye kwaya, kwenye vyama vya watu wa asili moja, na kwa wenye maduka ya vitu vya mikono. Ulizeni wazee wa kike hasa. Wanaume hujitaja wenyewe. Wanawake hutajwa na wengine.

Mkihitaji kipimo cha kuona kama mmesahau kitu, Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliuridhia mwaka 2010, unataja nyanja tano: simulizi za mdomo, sanaa za maonyesho, desturi na sherehe za jamii, maarifa kuhusu mazingira na ulimwengu, na ufundi wa mikono. Zipitieni zote tano. Mara nyingi inayokosekana ni ile ya maarifa ya mazingira: mama anayejua uyoga upi unaliwa mvua zinapoanza, mzee anayejua mti upi unatoa mpini mzuri wa jembe.

Orodha ikishakuwepo, chagueni mmoja. Mmoja tu kwa mwaka wa kwanza. Kikundi kinachoanza na mafundi kumi huishia kuwa na picha kumi na hakuna mwanafunzi.

Nendeni kwake mikono mitupu

Ziara ya kwanza simu ikae mfukoni. Nendeni wawili, mmoja wenu awe anajulikana na familia au atoke kanisa moja nao, na mchukue kitu cha adabu: sukari, sabuni, kilo chache za unga. Kaeni, ulizeni habari za nyumba, acheni mzee aulize yeye ninyi ni wana wa nani. Katika mji huu swali hilo lina uzito, na jibu lake ndilo linalofungua mlango au kuufunga.

Kisha semeni shida yenu bila kuzunguka:

"Baba, tumesikia wewe ndiye unayejua karindula ya zamani hapa mtaani. Tunataka kuuliza kama ungependa kumfundisha kijana mmoja, nasi tukusaidie kwa muda utakaoutoa."

"Vijana wa leo wanataka muziki wa kwenye simu, mwanangu. Nani atakuja?"

"Wewe mwenyewe ndiye utakayemchagua, Baba. Sisi tutalipa nauli yake na kazi yako."

Neno la kumchagua mwanafunzi ni lake. Vikundi vingi huleta kijana wao wenyewe, msomi, mwenye Kifaransa kizuri, na baada ya wiki tatu fundi amechoka naye. Fundi anajua mkono utakaoshika na sikio litakalosikia. Akimtaka mjukuu wake mwenye miaka 14, awe huyo. Akimtaka binti wa jirani kwa kazi ambayo zamani ilikuwa ya wanaume, msishangae wala msibishane.

Rudini mara mbili au tatu kabla ya kukubaliana lolote. Kwa mama mwenye nyumba kubwa, ulizeni pia ni nani atakayepika na kuchota maji siku ya somo, maana huo ndio mzigo unaovunja mipango mizuri, na bajeti yenu iwe na pesa ya msaidizi.

Makubaliano, na yale yasiyorekodiwa

Kabla ya kurekodi neno moja, tenganisheni mambo matatu.

Kuna vitu alivyovitunga fundi mwenyewe: wimbo wake, mchoro wake, hadithi aliyoibuni. Hivyo ni mali yake. Sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda akiwa hai, na baada ya kufa inawalinda warithi wake kwa miaka 50. Akitaka haki hizo zisimamiwe, shirika linalohusika ni SOCODA, lililoanzishwa mwaka 2011.

Kuna vitu vya ukoo au vya kabila zima. Fundi ni mtunzaji wake, hana ruhusa ya kuviuza peke yake. Kasala ya ukoo inataja majina ya watu waliokufa na waliopo. Kabla ya kuisambaza, wenye majina hayo waulizwe.

Na kuna vitu vya siri. Mambo ya ndani ya mukanda hayasikilizwi na wasiopitia. Baadhi ya dawa, baadhi ya nyimbo za kuzika chifu, baadhi ya maneno ya vyama vya siri: fundi akisema "hili hapana", daftari linafungwa, na msimzungukie siku nyingine kwa swali la mtego. Kulinda jadi ni pamoja na kulinda kimya chake. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu kamera imezoesha watu kudhani kila kitu kinastahili kuonwa.

Karatasi za kusaini huwatisha wazee wengi, na wana sababu: karatasi nyingi walizowahi kusainishwa ziliwaondolea kitu. Makubaliano yafanyike kwa mdomo, kwa lugha anayoimudu, mbele ya mtoto wake au shahidi anayemwamini, na yarekodiwe. Maneno yanaweza kuwa hivi: "Leo tarehe fulani, tupo nyumbani kwa Baba fulani, Katuba. Baba amekubali tumrekodi akipiga na kufundisha. Nakala moja inabaki kwake. Nakala moja inabaki kwa kikundi. Hakuna kitakachowekwa mtandaoni wala kutolewa redioni bila kumwuliza tena. Pesa yoyote ikipatikana kutokana na rekodi, mgao wake ni huu. Akibadilisha mawazo, tunafuta." Kisha yeye mwenyewe aseme kwa sauti yake anakubali nini na anakataa nini. Baadaye andikeni mambo hayo kwenye ukurasa wake na mmsomee.

Uanagenzi: hapa ndipo pesa iende

Pangeni miezi sita hadi tisa. Muda wa kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, ni mzuri kuuanzia: barabara za mtaa zinapitika, watu wanakaa nje, na Julai na Agosti shule zimefungwa, hivyo mwanafunzi anaweza kuja mara nne kwa wiki. Shule zikifunguliwa punguzeni mpaka mara moja au mbili.

Mlipeni fundi kwa kila somo, mkononi, siku ile ile. Malipo ya jumla mwanzoni huisha kwenye shida ya nyumba na kumwacha na deni la kazi. Malipo ya mwisho wa mwaka humfanya afundishe huku ana njaa. Kiasi akitaje yeye. Kiwe karibu na kile ambacho fundi seremala au fundi mwashi wa mtaa huo analipwa kwa nusu siku, ili asionekane anapewa sadaka.

Mwanafunzi naye alipwe. Najua wengine watapinga, watasema zamani mwanafunzi ndiye aliyemletea fundi kuku. Zamani mwanafunzi alikaa na kula kwa fundi. Leo kijana wa miaka 19 anayeacha kubeba mizigo sokoni kwa siku mbili amepoteza pesa ya chakula, na marafiki zake wanamwita waende kuchimba Kolwezi au Likasi. Nauli, chakula cha mchana na kitu kidogo cha juu ndivyo vitakavyomleta tena wiki ijayo. Katika bajeti yenu, angalau nusu iende kwa hawa wawili. Kamera na fulana zilizoandikwa jina la kikundi zisubiri.

Mwanafunzi awe na chombo chake tangu mwezi wa kwanza. Asijifunze kwa kuazima. Tena afundishwe kukitengeneza: kwa karindula, atafute pipa mwenyewe, alioshe, aloweke ngozi, aondoe manyoya, aivute na kuiacha ikauke kivulini, achonge mpini, afunge nyuzi na kuzipanga sauti. Siku ngozi itakapopasuka na fundi hayupo ndipo utajua kama kuna mrithi.

Acheni fundi afundishe kwa mpangilio wake. Wengi hawaanzi na "somo la kwanza". Wanakufanya ukae, usikilize, ufagie, ushike chombo, ukosee, wacheke, wakuonyeshe mara moja tu. Msimlazimishe atengeneze mtaala. Kazi ya kikundi ni kukaa kando na kuandika alichofundisha siku hiyo, ili baada ya miezi mitatu muone mpangilio wake ulivyo; upo, ila haukuwahi kuandikwa.

Mtajuaje kwamba amejifunza? Si kwa cheti. Tazameni mambo haya: anaweza kuanza na kumaliza bila fundi kumwangalia, akikosea anarudi njiani mwenyewe, anajua wimbo upi ni wa kilio na upi wa furaha, na hathubutu kuubadilisha mahali, na watu wazima wanaoijua sanaa hiyo wakimsikia, wanaitikia. Hilo la kuitikiwa halidanganyi. Mwezi wa mwisho, wapelekeni wote wawili mbele ya watu wa mtaa, kwenye shughuli ya kweli, fundi akiwa amekaa na mwanafunzi akifanya.

Kurekodi bila kuharibu

Simu ya kawaida inatosha kuanza. Kinachoharibu rekodi nyingi za hapa kwetu ni mahali, wala si chombo. Nyumba zetu zina mabati: mvua ikianza, kazi imekwisha. Rekodini kiangazi, au asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika. Epukeni jenereta ya jirani, kanisa la uamsho lenye spika, na saa ambayo watoto wanatoka shule. Chumba chenye mapazia, godoro na nguo nyingi kinasikika vizuri kuliko sebule tupu yenye sakafu ya saruji. Chini ya mwembe pia ni pazuri, mradi upepo hauvumi. Ukivuma, funikeni kinasa sauti kwa soksi safi.

Wekeni simu katika hali ya ndege ili asiite mtu katikati. Ikae juu ya kitu imara, isishikwe mkononi, umbali wa sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni kwa mazungumzo, na zaidi ya mita moja kwa ngoma au karindula. Jaribuni dakika moja, sikilizeni kwa vifaa vya masikioni, ndipo muanze. Kwa sauti, chagueni faili la WAV kama programu inaruhusu, kwa kipimo cha 48 kHz na biti 24. Saa moja ya sauti ya namna hiyo kwa njia mbili inachukua takriban gigabaiti 1, kwa hiyo hesabuni nafasi mapema. Umeme hukatika, chajini usiku uliotangulia na mbebe betri ya akiba.

Kila rekodi ianze kwa mtu kusema kwa sauti: tarehe, mahali, jina la fundi, na kinachofanyika. Karatasi hupotea na jina la faili hubadilishwa. Sauti hiyo ya mwanzo hubaki.

Rekodini vitu vinne kwa kila wimbo au kazi. Kwanza ifanyike yote, bila kukatizwa. Pili ifanyike polepole, kipande kwa kipande, kamera ikitazama mikono. Tatu fundi aieleze: ni ya lini, alifundishwa na nani, inafanywa wapi, haifanywi wapi. Nne mwanafunzi aifanye na fundi amsahihishe. Hii ya nne watu huiacha kwa sababu haipendezi kutazama, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote: sahihisho la fundi linaonyesha kile ambacho yeye mwenyewe hajui kwamba anakijua.

Kwa ufundi wa mikono, fuateni kazi tangu malighafi. Mfinyanzi arekodiwe akichimba udongo, akiuchagua kwa vidole, akichanganya, siyo tu akiwa na chungu kilichomalizika.

Kuandika, kutafsiri, kutunza

Siku ile ile jioni, badilini majina ya mafaili. Tarehe mbele, mahali, sanaa, namba: 2025-07-12_Katuba_karindula_01. Andikeni namba hiyo hiyo daftarini. Msirushiane rekodi kwa WhatsApp kama video ya kawaida kwa sababu inabanwa na kupoteza ubora; itumeni kama dokumenti, au hamisheni kwa waya.

Maneno yaandikwe kwa lugha yake yenyewe, Kisanga kama ni Kisanga, Chiluba kama ni Chiluba, na chini yake Kiswahili. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kiandikwe vile kilivyosemwa, msikinyooshe kiwe cha vitabuni. Kazi hii ni ndefu: dakika kumi za kasala zinaweza kumaliza siku nzima, na lazima mkae na fundi au mtu wa rika lake kwa maneno yasiyotumika tena. Kuna programu ya bure iitwayo ELAN, iliyotengenezwa na taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, inayounganisha maandishi na sekunde ya sauti. Kama hakuna kompyuta, daftari lenye dakika na sekunde pembeni linatosha.

Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za vyombo, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Diski moja kwa kikundi, kadi au flashi moja kwa familia ya fundi, na moja kwa mtu wa komini nyingine au kwa taasisi. Kila baada ya miezi sita zifungueni zote mhakikishe zinasoma, kwa maana flashi hufa kimya kimya.

Kuhusu taasisi: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzisha mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliokusanya kumbukumbu za wakaaji wa kawaida wa mji, na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yamewahi kuonyesha matunda yake. Vituo vya sanaa kama Picha na Waza vinajua kazi ya kuhifadhi na kuonyesha. Nendeni muulize masharti kabla ya kukabidhi: nani ataruhusiwa kusikiliza, je, familia inaweza kurudi kuchukua nakala, na je, yale yaliyokatazwa yatafungwa?

Maswali hayo yana historia. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati huo, akamrekodi. Gitaa hilo likasikika dunia nzima, na maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 iko Afrika Kusini. Michoro ya historia ambayo Tshibumba Kanda Matulu aliichora hapa Lubumbashi mwaka 1973 na 1974, zaidi ya mia moja, iliondoka na mtafiti na kuishia Amsterdam. Kwa waliosafiri kuitafuta, imehifadhiwa. Kwa mtoto wa komini ya Kenya au Kamalondo anayetaka kujifunza kuchora, ni kana kwamba haipo. Kila nakala inayotoka nje ya mji iwe na dada yake iliyobaki hapa.

Malighafi

Sanaa hufa pia kwa kukosa mti. Miombo inayotuzunguka inakatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, na mti wa mukula ulikatwa kwa wingi mno katika miaka ya 2010 ukasafirishwa nje kama magogo. Mchongaji aliyekuwa akitembea nusu saa kupata gogo lake sasa ananunua kwa mtu wa lori. Ulizeni kila fundi: kitu gani kimekuwa kigumu kupata? Jibu litawaonyesha msaada ambao hakuna mfadhili aliyeuwazia. Pengine ni kupanda miti thelathini nyuma ya parokia. Pengine ni kumkutanisha fundi ngoma na wachinja mbuzi wa soko wamwekee ngozi. Pengine ni kumwomba mwenye kiwanja awaruhusu akina mama wachimbe udongo kabla kichuguu chote hakijafanywa tofali.

Kuipa sanaa kazi

Mwanafunzi aliyehitimu bila mahali pa kufanyia atarudi sokoni. Tafuteni nafasi zilizopo tayari kabla ya kuota tamasha. Mkiwa na kilio mtaani, pendekezeni waitwe wao badala ya spika ya kukodi. Ongeeni na mwalimu wa darasa la tano au la sita, fundi aende saa moja kwa mwezi, alipwe kama mgeni wa kazi. Redio za mtaa hupenda vipindi vya Kiswahili. Pelekeni kipande cha dakika kumi kilichokubaliwa na fundi, pamoja na mwanafunzi wa kuongea. Kalenda za wenyewe pia zifuatwe: Bayeke hukutana Bunkeya mwezi Desemba kumkumbuka mfalme wao Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, na mwanafunzi wa ngoma za Kiyeke atajifunza hapo kwa siku moja yale ambayo mjini yangemchukua mwaka.

Kwa wauzaji wa vitu vya mikono, msaada mkubwa ni kadi ndogo inayofungwa kwenye kila kitu: nani alikitengeneza, wapi, kwa nini, na bei aliyoitaja mwenyewe. Mnunuzi akijua jina, habishani sana.

Kikundi kiwe na karatasi zake

Mwaka wa kwanza fanyeni bila usajili, kwa michango na daftari la hesabu linalosomwa mbele ya wote kila mwezi. Mkitaka kuomba fedha kwa wafadhili, jisajilini kama chama kisicho cha faida, ASBL, chini ya sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria inataka wanachama wasiopungua saba, katiba ya chama, na maombi yanayokwenda kwa Waziri wa Sheria. Pitieni pia ofisi ya jimbo inayohusika na utamaduni mapema ili kazi yenu ijulikane. Fundi awe mwanachama mwenye kura, asiwe mgeni wa heshima anayeitwa siku ya picha.

Mkiandika ombi la msaada, elezeni mtu mmoja na kazi moja: fundi huyu, mwanafunzi huyu, miezi tisa, gharama hizi. Wengi huandika kwamba wataokoa utamaduni wote wa Katanga, na msomaji hajui pesa itaishia wapi. Kama mnataka kutaja mambo ya UNESCO, jueni kwamba kuandikishwa kwenye orodha yake, kama ilivyofanyika kwa rumba ya Kongo mwaka 2021, kunahitaji ridhaa ya wenye sanaa na kazi ya serikali mbili au moja kwa miaka. Kwa kikundi cha mtaa, daftari na mwanafunzi huja kwanza.

Fundi akifariki katikati ya kazi

Itatokea, kwa kuwa tulichagua wazee. Jambo hili liulizwe mapema, kwa upole, siku ya makubaliano: "Baba, Mungu akikuita, rekodi zako tuzifanyeje?" Wengi wana jibu tayari, na baadhi wanataka zisisikilizwe mpaka kilio kimalizwe. Andikeni.

Akishafariki, simamisheni kila kilichopangwa kutoka mtandaoni au redioni. Nendeni kwenye kilio kama watu wa nyumba, na mchango. Baada ya siku za maombolezo kwisha, kaeni na warithi, muwasikilizishe rekodi za makubaliano kwa sauti ya marehemu, muwape nakala zao zote, mlipe masomo yaliyokuwa bado, na muwaulize upya kila ruhusa, kwa sababu sasa haki ni zao. Mwanafunzi asiachwe njiani. Mtafuteni fundi wa rika lile lile, hata kama ni wa mtaa wa mbali au wa Likasi, amalize naye miezi iliyobaki kwa malipo yale yale, na mrudi kwenye daftari kumtafuta aliye juu ya orodha.